Foleni ya Malaba Hufika Salgaa

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Nakuru, lakini mpaka ukikwama kule, sisi tuliofanya kazi Salgaa, karibu na Nakuru, hatukuhitaji kungoja taarifa ya habari. Tuliona wenyewe barabarani. Malori yanayopanda yaliegeshwa pande zote mbili za lami, gesti zikajaa, sahani ya ugali na matumbo ikapanda bei, na baada ya siku chache foleni ikawa imefika kwenye benchi la kliniki yetu. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya kando ya barabara hii. Shuleni nilifundishwa kwamba ugonjwa huletwa na mdudu, maji machafu, damu, pumzi. Salgaa ndiyo iliyonifundisha kwamba unaweza pia kuletwa na agizo lililotiwa sahihi Nairobi, Kampala au Kigali, na watu ambao hawajawahi kulala ndani ya lori.

Anayejua ramani ya huku ataelewa kwa nini ni Salgaa. Dereva aliyepakia Mombasa huwa ameshapita mizani ya Mariakani, Athi River na Gilgil, ameshaipita Nakuru mjini, na mbele yake kuna kilima cha Sachangwan. Baada ya kilima ni Mau Summit, ambako barabara inagawanyika: huku Kericho, Kisumu na Busia, kule Eldoret na Malaba. Kwa hiyo lori la Busia na lori la Malaba yote mawili hupita kwetu kabla hayajaachana. Mzigo wa Kampala hulala hapo, na wa Kigali, wa Juba, wa Goma. Na anayeshuka kutoka Uganda husimama papo hapo kupoza breki baada ya mteremko ambao umewamaliza wengi.

Kliniki yetu ilikuwa kontena la chuma, la aina ileile ambayo madereva hao huibeba mgongoni mwa trela, lililokatwa madirisha na kupakwa rangi. Tulifungua jioni na kufunga usiku, kwa sababu saa nne asubuhi dereva yuko barabarani, hana muda wa kukaa kwenye benchi. Walikuja na macho mekundu, migongo inayouma, vidonda vya tumbo, presha, sukari, kisonono. Wengine walikuja kuchukua ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Nataka kueleza jinsi dereva anavyochukua ARV. Dawa zenyewe hutoka kwenye kopo jeupe lenye karatasi ubavuni iliyoandikwa jina la dawa, kipimo na tarehe ya kuisha nguvu. Dereva haondoki na kopo hilo. Kopo lina sauti. Likitikisika ndani ya begi, tanboi anajua kuna nini, na askari wa kizuizini anayepekua begi anajua zaidi. Basi wengi wao walivimwaga vidonge kwenye gazeti wakakunja vizuri, au walivitia kwenye kikopo cha vitamini, na kopo la asili likabaki kwetu kwenye pipa la taka. Nilipata makopo matupu kwenye pipa hilo karibu kila usiku. Kila moja lilikuwa na maana hii: kuna mtu anaelekea Juba na vidonge ambavyo hakuna muuguzi wa Juba atakayeweza kuvitambua kwa uhakika. Vikimwishia huko, hana cha kuonyesha. Hana karatasi, hana jina la dawa, anakumbuka rangi tu. Hofu ya kupekuliwa mpakani ilikuwa imeshamnyang'anya kitu cha pekee ambacho kingempatia dawa ng'ambo ya mpaka.

Madereva wa masafa marefu wamebebeshwa lawama kwa muda mrefu. Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na haikuchukua miaka mingi kabla ya watu kuanza kunyoosha kidole kwenye barabara ya Mombasa kwenda Uganda na kusema ugonjwa unasafirishwa na malori. Nimekaa kwenye semina nyingi ambako tabia ya dereva ilichambuliwa tangu chai ya asubuhi hadi chai ya jioni. Muda ambao dereva huyo alilazimishwa kusimama haukuchambuliwa. Zamani lori lilikaa Malaba siku baada ya siku, kwanza upande wa Kenya, kisha upande wa Uganda, karatasi zilezile zikikaguliwa na watu wawili tofauti. Mwanamume mwenye posho mfukoni, asiye na pa kuoga, asiyejua ataondoka kesho au wiki ijayo, aliwekwa katikati ya mji ambao uchumi wake wote ni yeye. Kisha tukashangaa.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo, na dawa peke yake haikuleta mabadiliko hayo. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kukadiria ushuru mara moja, mzigo unapoingia bandarini. Vikaja vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja; kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Uhuru Kenyatta pamoja na Yoweri Museveni. Watu wa biashara walishangilia saa zilizookolewa. Sisi tuliziona saa hizo kwenye rejista ya maradhi ya zinaa. Madereva niliokuwa nikiwatibu mara kwa mara walianza kupita Salgaa bila kushuka, wanapiga honi tu. Tangu hapo nimeamini kwamba ofisa wa forodha anayefanya kazi yake haraka ni mhudumu wa afya, awe anajua au hajui.

Halafu ukaja mwaka 2020.

Hofu ilikuwa imeshapiga hodi mapema. Juni 2019, wakati Ebola ilipokuwa ikiua mashariki mwa Kongo, mama mmoja aliyekuwa ametoka Malaba alitengwa hospitalini Kericho akidhaniwa ameambukizwa. Vipimo vilitoka safi. Lakini Kericho si mbali na sisi, na kwa muda Salgaa nzima ilimtazama kila dereva wa kutoka Goma kana kwamba amebeba mauti kwenye kabini. Kwa hiyo Korona ilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, watu walikuwa wameshajua nani wa kumshuku.

Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri mwezi huohuo, ikaacha malori ya mizigo yapite. Unga, mafuta, saruji na dawa za binadamu ziliruhusiwa kuvuka. Aliyeziendesha ndiye aliyekuwa tatizo. Ikafuata amri baada ya amri. Dereva awe na cheti cha kipimo, na cheti kilidumu siku 14, muda ambao foleni peke yake ingeweza kuumaliza. Asilale gesti. Huko Rusumo, Rwanda ilitaka madereva wabadilishane usukani mpakani, wa Tanzania ashuke na wa Rwanda apande. Tarehe 16 Mei Kenya nayo ikafunga mipaka ya Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo. Na mwezi huohuo Rais Museveni akaagiza madereva wa kigeni waliokutwa na virusi waondolewe kwenye hesabu ya wagonjwa wa Uganda. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nakunja gauni za kujikinga. Walikuwa watu wale wale, na homa ile ile, ila sasa hawakuwa wa mtu.

Salgaa, mji uliojengwa kwa pesa za madereva, uliwafungia milango. Mama aliyewapikia kwa miaka aliwawekea sahani kwenye jiwe nje, wachukue wenyewe. Sikumlaumu, alikuwa na watoto. Wakati foleni ya Malaba ilipofika makumi ya kilomita, madereva walikuwa wanajisaidia porini, wanaoga kwa chupa, na wenyeji wa pande zile wanawafukuza visimani.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Changamwe, Mombasa, dereva wa tangu zamani, mgonjwa wangu wa miaka. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, kama alivyonizoesha, ingawa sisi wa bara hatuna sana desturi hiyo, naye huitikia "marahaba, binti yangu" kwa sauti ya kusikika hadi nje. Alikuwa anatumia ARV na dawa ya presha. Alipita kwetu akiwa na vidonge vya kutosha kwenda Kampala na kurudi, na akiba juu. Kisha akakaa akisubiri majibu ya kipimo, kisha akakaa kwenye foleni, kisha cheti kikaisha akapimwa tena. Usiku mmoja akanipigia simu.

"Binti, nimebakisha vya siku mbili."

Nikamwambia aende hospitali iliyo karibu hapo, aeleze, watampa.

"Niende vipi? Nikiacha lori, foleni ikisogea napitwa. Na hawa vijana usiku wananyonya mafuta. Tajiri atanidai mimi." Akanyamaza kidogo. "Halafu nikifika niseme mimi ni wa wapi? Wataniambia rudi ulikoandikishwa."

Alikuwa anasema kweli. Kompyuta yetu haikuonana na kompyuta ya Malaba. Jina lake, namba yake ya kliniki, kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi, vyote vilikuwa ndani ya kontena letu. Alikuwa bado ndani ya Kenya, hajavuka kitu, na tayari alikuwa mgeni. Asubuhi nikafunga dawa za miezi mitatu, kwa sababu wakati huo Wizara ya Afya ilikuwa imesisitiza tutoe za muda mrefu, nikazituma kwa gari la abiria la kwenda Bungoma. Sikuandika jina juu ya kifurushi. Niliandika namba ya trela. Kijana wa bodaboda aliyekipokea alipita kando ya foleni akisoma namba moja moja hadi akaikuta, na mzee akampungia mkono dirishani. Muuguzi mwenzangu wa upande ule, tuliyefahamiana kwa simu tu, aliandika kwenye rejista yake ili kumbukumbu isipotee. Ndivyo sera ya mpaka ilivyotekelezwa siku ile: kwa wauguzi wawili, bodaboda mmoja na kifurushi kisicho na jina.

Dawa ya presha sikuituma, kwa kuwa hatukuwa nayo. ARV hutolewa bure; dawa ya presha mgonjwa hununua, na pesa ya mzee ilikuwa imeliwa na foleni. Aliporudi Salgaa nilimpima nikakuta 190 kwa 110. Katika safari ile yote alikuwa amechomwa kijiti puani mara kadhaa, na katika nchi mbili. Hakuna aliyemfunga kitambaa cha presha mkononi. Mpaka ulikuwa unamchunguza kwa sababu ya kile ambacho angeweza kuwapa wengine, na haukuwa na haja na kile kilichokuwa kinamuua yeye.

Hapa sitaki nieleweke vibaya. Sidai kwamba mipaka isipime watu. Nimevaa gauni zile za plastiki, nimewazika wafanyakazi wenzangu, najua ugonjwa unaotembea ni nini. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya alitambuliwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia kwetu. Hiyo ni kazi nzuri, na ingefaa tuisifu zaidi. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mpaka unaopima ili utibu na mpaka unaopima ili urudishe. Mwaka 2020 dereva aliyekutwa na virusi na kurudishwa mbele ya wenzake aliifundisha foleni nzima jambo moja: kuficha. Walianza kumeza Panadol mapema ili wafike penye kipimajoto wakiwa wamepoa. Nilikuwa nikiwauzia? Hapana, duka la jirani lilikuwa likiwauzia, na ziliisha dukani. Homa zilizokuwa zije kwetu tuzione zikapita Salgaa kimya kimya zikaenda majumbani Jomvu, Kampala, Nakuru.

Si wote wanaopata taabu ya mpaka wanaovuka kila wiki. Salgaa ina wanawake wengi waliokuja kutoka Uganda na kubaki. Mmoja wao, dada wa upande wa Tororo, alikuwa akipika kwenye kibanda nyuma ya maegesho. Aliingia Kenya kihalali kabisa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010, inamtambua Mganda anayekuja Kenya kutafuta riziki na Mkenya anayekwenda Uganda kwa haja hiyohiyo. Lakini ukifika kwenye dirisha la hospitali, kila nchi hurudi kwa wananchi wake. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua kwenye hospitali za umma mwaka 2013, na baadaye mpango ukaendeshwa na bima ya NHIF kwa jina la Linda Mama. Ulikuwa mpango mzuri, nimeona maisha uliyookoa. Dada huyu alipopata mimba alijua haukuwa wake. Hakuwa na kitambulisho cha Kenya, na bili ya upasuaji, kama ungehitajika, ilikuwa zaidi ya chochote alichowahi kushika.

Jirani yake alimwazima kitambulisho.

Kwa macho ya sheria wote wawili walikosea, na sitatetea udanganyifu. Ila nataka wanaotunga masharti waone ulikoishia. Kliniki ya wajawazito ilimwandika kwa jina la jirani na umri wa jirani. Ujauzito ukawa mgumu, akafanyiwa upasuaji, na historia ya upasuaji ikaandikwa kwa mwanamke ambaye hana kovu. Miaka miwili baadaye jirani alipokwenda kujifungua wa kwake, faili lilisema ameshapasuliwa, na wauguzi wakabaki wanamtazama tumbo. Hilo lilisahihishika. Ambalo halikusahihishika ni karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Jina la mama kwenye karatasi hiyo lilikuwa la jirani. Mtoto alikuwa na mama wawili, wa damu na wa karatasi, na serikali ilimjua wa karatasi.

Dada alipotaka kumpeleka mtoto Tororo akaonwe na bibi yake, alisimamishwa Malaba. Ofisa aliuliza swali ambalo ofisa yeyote mwema angeuliza, kwa sababu watoto huibwa: huyu ni wako? Na yeye hakuwa na karatasi ya kumjibu. Alirudi Salgaa na mtoto mgongoni. Alinieleza hayo huku akikanda unga, hakuacha kukanda, na mimi nikawa sina la kumwambia. Kwenda kwa msajili kueleza ukweli kulikuwa kujipeleka polisi yeye pamoja na jirani aliyemfadhili.

Kwa mimba ya pili hakujaribu tena hila hiyo. Uganda iliondoa malipo kwenye vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, na ingawa huko nako dawa huweza kukosekana, mlango hauulizi kitambulisho kwanza. Alipanda basi la usiku akiwa na mimba ya miezi minane, akapita Timboroa kwenye baridi ile inayoingia mifupani, akiwa na mshono wa zamani tumboni. Mimi ni muuguzi, najua mshono wa zamani unaweza kufanya nini mimba ikikomaa. Nililala na simu mkononi.

Sheria mpya ya Bima ya Afya ya Jamii, ya mwaka 2023, ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilianza kuitekeleza tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka mgeni anayekuja kwa muda usiozidi miezi 12 awe na bima yake ya safari, na anayekaa zaidi ajiandikishe kama mkaazi. Kwa mgeni wa hoteli za Naivasha sharti hilo ni jepesi. Kwa mpishi wa kibanda anayeingia kwa pasi ya muda na kuihuisha kila mara, ni ukuta. Wapo wengi kama yeye: wavunaji, mayaya, vijana wa gereji, familia za Sudan Kusini zilizopanga Nakuru ili watoto wasome. Nilikutana na mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma njiani kwenda Nairobi kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa moyo, akishika kibali cha kutoka kambini kama anavyoshika mtoto mwenyewe. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kukutwa nje ya kambi bila ruhusa kuliweza kukufunga miezi sita. Sheria ya 2021 ilileta lugha ya upole zaidi, na ni jambo la kushukuru. Kibali bado kilikuwa kitu cha kwanza alichonionyesha, kabla ya kunionyesha mtoto.

Watu wa Nakuru tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu huko Njoro, na alivaa shingoni kipande, kitambulisho cha vibarua cha enzi ya ukoloni, ndani ya kile kikasha cha chuma. Kipande kilianzishwa kwa sheria ya 1915 na kukazwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwajiri asipokitia sahihi, kuondoka shambani kulikuwa kosa la jinai. Babu alituhadithia kwamba mtoto akiugua usiku, hofu ya kwanza haikuwa ugonjwa. Ilikuwa kama bwana ataamka na kutoa ruhusa. Walipitia mashambani gizani, wakikwepa barabara, mtoto kafunikwa mdomo asilie. Mpaka aliokuwa akiuvuka haukuwa wa nchi. Ulikuwa wa shamba na shamba. Nilipowasikia madereva wakieleza jinsi wanavyoficha homa, nilimsikia babu.

Na si watu tu wanaokwama. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya ARV iliyotolewa na Marekani ilikaa bandarini Mombasa kwa miezi, kwa mvutano wa kodi na wa nani ataisambaza. Wagonjwa waliandamana Nairobi na kwingineko. Sisi Salgaa tuligawa kidogo kidogo: mtu aliyezoea kupewa za miezi mitatu alipewa za mwezi, wengine chini ya hapo. Jaribu kumweleza dereva wa Bujumbura arudi baada ya wiki mbili. Januari 2022 Malaba na Busia zikakwama tena, madereva wakagoma kwa sababu Uganda ilikuwa ikiwatoza dola 30 za kipimo cha Korona, hadi petroli ikaadimika Kampala na tozo ikasitishwa. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi za barabarani zilitikisika au zikafungwa. Yetu ilifungwa. Madereva wanaelekezwa kwenye vituo vya serikali, ambavyo wauguzi wake nawajua na kuwaheshimu, lakini hufunguliwa mchana, na dereva huja usiku.

Baada ya mwaka 2020 nilianza kumwandikia kila dereva barua. Karatasi moja: jina la dawa, kipimo, tarehe aliyochukua, tarehe atakayohitaji nyingine, namba ya simu ya kupiga, na muhuri. Muhuri ni muhimu kuliko yote, mipakani watu hupenda muhuri. Sikuandika jina la ugonjwa. Barua hizo zimekubaliwa Kampala, zimekubaliwa Kigali, na dereva mmoja aliniambia yake ilimpatia dawa Juba baada ya muuguzi wa huko kunipigia simu, tukaongea Kiswahili tukaelewana.

Lakini barua ni kazi ya mtu mmoja, na serikali zetu zinaweza zaidi. Tumeshaona. Katikati ya Korona, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ukamwezesha ofisa wa mpakani kuona kwenye simu majibu ya kipimo kilichofanywa nchi nyingine. Ilichukua miezi tu, kwa sababu mizigo ilikuwa imekwama na wenye mizigo walikuwa wanapiga kelele. Majibu ya pua ya dereva yaliweza kusafiri kutoka Mombasa hadi Kigali. Rekodi ya dawa zake, za presha, za sukari, za ARV, nayo inaweza.

Nimewauliza madereva wenyewe, wale ninaokutana nao hadi leo kwenye maegesho, kama wangeutaka mfumo kama huo. Kabla ya kuuliza gharama, kabla ya kuuliza lini, karibu wote huuliza jambo moja: tajiri ataiona? Na askari je? Kwa sababu wanajua wangapi wamepoteza kazi kwa kikopo kilichosikika kwenye begi. Nawajibu kwamba muuguzi peke yake ndiye anayestahili kuiona, na kwamba hilo liandikwe kwenye sheria ya nchi zote kabla mtambo haujawashwa. Mpaka liandikwe, nawashauri wabandue ile karatasi ya ubavuni mwa kopo na kuihifadhi nyuma ya leseni, na anayetaka barua bado namwandikia.